Matumbo Hayaagizwi

Orodha ile niliiandika kwa dakika ishirini, na nusu ya muda huo nilikuwa nakunywa chai. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia kazi yetu hudhani kila kitu ni cha kuumiza kichwa wiki nzima. Siku ile hakikuniuma. Niliandika majina tisa ya nyama ya mbuzi, moja chini ya lingine, nikasukuma kiti nyuma, nikajiona fundi.

Kazi yangu ni kuandika programu za simu, upande ule mtu anaouona kwa macho: vitufe, picha, kurasa za kuteremsha kwa kidole. Siku hizi hatuielekezi simu hatua kwa hatua, weka kitufe hapa, haya weka kingine chini yake. Tunaieleza tu tunataka skrini iweje, nayo inajichora. Kwa hiyo hukai ukaandika vitufe tisa. Unaandika orodha moja iliyofungwa, yaani isiyokubali jina lingine nje yake, kila jina na mstari wake, kisha mahali pa kuchora unaandika sentensi moja ambayo kwa Kiswahili cha kawaida ni hii: kwa kila kilichomo katika orodha, chora kitufe. Simu inaanza na jina la kwanza na kushuka mpaka la mwisho, kwa mpangilio uleule ulioandika. Ukiongeza jina, kitufe kinazaliwa chenyewe. Ukilifuta, kinatoweka, na mwenye simu hatajua kwamba kiliwahi kuwapo.

Nilipofundishwa jambo hili mara ya kwanza sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilikuwa nimeliona tangu utotoni, mtaani Kiamaiko, kwenye ukuta wa machinjio ya mbuzi.

Mama amenilea kwa matumbo. Alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa msichana, akaolewa, akaachwa, akabaki Kayole, upande wa Eastlands, na mimi mgongoni. Alichokipata ni biashara ya matumbo na vichwa vya mbuzi. Pale alipokuwa akiyachukua, wanawake walikuwa kama kumi na tano. Kukipambazuka walifika, kila mmoja akaweka beseni lake kando ya ukuta, nyuma ya la mwenzake, kisha akaenda zake kunywa uji. Beseni lilishika zamu. Hakuna aliyethubutu kusogeza la mwenziwe, hata kama mwenyewe amechelewa, hata kama amelazwa hospitali na beseni limeletwa na jirani. Uchinjaji ukikaribia kwisha, mzee mmoja mwenye aproni ya mpira alitoka akiburuta pipa. Alianza na beseni la kwanza, akaweka tumbo na utumbo. Akaja la pili, la tatu, mpaka la mwisho, bila kuruka. Vichwa na kwato waligawiwa kwa zamu. Walilipa kidogo, mkononi, wakaondoka.

Na hakuna aliyeweza kutuma ujumbe awekewe. Hiyo ilikuwa sheria isiyoandikwa popote. Mwenye hoteli mmoja wa mjini aliwahi kufika na gari akitaka achukue pipa zima. Aliambiwa akatafute beseni. Wanawake walimcheka wiki nzima. Mama alikuwa na neno lake: "Matumbo hayaagizwi. Matumbo hufuatwa."

Nyumbani aliyageuza, akayaosha kwa maji ya moto mara nne, akayachemsha, akayakaanga kwa kitunguu na dania, na jioni akakaa chini ya gorofa yetu na sufuria mbili. Karo yangu yote ilitoka humo, kuanzia darasa la kwanza mpaka nilipopokea cheti cha chuo. Harufu pia ilitoka humo. Ilishika sweta langu la shule, na sabuni haikuiweza. Shuleni waliniita Tumbo. Mwalimu mmoja naye aliniita hivyo mara moja, akacheka, darasa likacheka naye. Huyo sijamsamehe na sina mpango wa kumsamehe.

Basi siku ile ofisini, upande ule wa mji wenye miti, bosi wetu alituita kikao. Wenye machinjio walitaka programu ya simu. Wauza nyama wa soko la Burma na wa kwingine wachague sehemu wanayoitaka, wabonyeze, mzigo uwafikie asubuhi. Bosi alizunguka na macho mezani, akafika kwangu.

"Wewe si ni wa Eastlands? Hayo mambo ya mbuzi unayajua. Tutengenezee hiyo orodha."

Wote waligeuka kunitazama. Nikaorodhesha kwa mdomo: mbuzi mzima, nusu mbuzi, paja, mkono, mbavu, kidari, shingo, maini, figo.

"Ni hizo tu?"

"Ni hizo tu," nikasema. "Mengine hayaagizwi."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba niliisema kwa heshima. Nilijua mila ya pale ukutani. Niliogopa kwamba nikiandika matumbo, kesho yule mwenye hoteli atayabonyeza akiwa kitandani kwake, na wanawake wale watakuta pipa tupu. Nikaona nikiyaacha nje ya orodha nimeyawekea ua. Hayo ni kweli. Lakini si kweli yote, na mtu akiamua kusema, aseme mpaka mwisho: niliona haya. Mezani palikuwa na watu ambao matumbo kwao ni kitu cha kukunjia uso. Sikutaka neno hilo litoke kinywani mwangu wakati wote wananitazama.

Mwenzangu wa dawati la pili, kijana wa mtaa wa Umoja, ndiye aliyeikagua kazi yangu kabla haijapita.

"Niaje. Hii kitu iko safi," akasema. "Lakini mbona hujaweka 'nyinginezo' hapo mwisho? Watu wakuwe na mahali pa kushika."

"Nyinginezo ni uvivu. Ukishaweka nyinginezo, kila kitu kinatupwa humo."

"Sawa basi. Wewe ndio mtu wa mbuzi."

Akapitisha. Mimi nilikuwa najivunia usafi wa orodha ile. Chombo tunachotumia kugeuza maandishi yetu kuwa programu ni kikali sana kwa kila kilichoorodheshwa. Ukitaja figo, kitakudai picha ya figo, kipimo cha figo, na maneno ya kuonyesha figo zikiisha. Usipotoa, kinagoma kabisa kuendelea. Nilikipenda kwa ukali huo, nikadhani kinanilinda. Lakini kwa kisichoorodheshwa hakina la kusema. Hakikuniuliza mbuzi huyu wangu anasagaje majani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Jambo ambalo sikulifikiria, na lilikuwa mbele ya macho yangu, ni kwamba orodha ileile moja ilitumika kotekote. Ndivyo tunavyofundishwa: usiandike kitu mara mbili. Wauza nyama waliona vitufe vilivyotoka kwenye orodha ile. Wafungaji wa mizigo machinjioni nao walipewa skrini yao, iliyochorwa na sentensi ileile, kwa kila kilichomo, chora mstari wa kutia alama. Paja limetoka, mbavu zimetoka, maini yametoka. Alama ya mwisho ikitiwa, skrini inaandika kwamba siku imefungwa. Na kilichobaki sakafuni baada ya siku kufungwa kilikuwa nini? Meneja mpya wa machinjio alikuwa mtu wa mpango. Alisema ni taka. Akatafuta lori la watu wanaotengeneza chakula cha mbwa, wakakubaliana, taka ikawa inaondoka kila siku saa tatu kamili.

Siku ya kwanza ya lori hilo, mama alirudi kabla ya saa nne. Nilikuwa nyumbani, siku mbili kwa wiki tulifanyia kazi majumbani. Nilisikia beseni likiwekwa sakafuni, na mlio wake ulikuwa wa beseni tupu. Alikaa kwenye kiti bila kufungua leso ya kichwani.

"Kumetokea nini, mama?"

"Eti tumbo haliko kwa simu."

"Simu gani?"

"Wako na simu kubwa hapo, ya kubandika ukutani. Tumengoja, tumengoja, mzee hatoki na pipa. Tukaona wanaume wanapakia matumbo kwa lori. Kuuliza, meneja akatuonyesha hiyo simu. 'Mama, tazama mwenyewe, hapa kuna paja, kuna figo. Kama kungekuwa na matumbo si yangeandikwa?'" Alicheka, lakini si kicheko cha raha. "Mbuzi anatoka Garissa na tumbo lake, anashuka kwa lori na tumbo lake, akifika kwa simu hana tumbo."

Nilielewa pale pale. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu, na orodha ile ilikuwa mibonyezo mitatu tu kutoka mahali nilipokuwa. Nikamwambia pole. Nikamwekea maji ya chai. Sikumwambia lingine, na usiku sikulala.

Kwa siku kumi walienda wakaweka mabeseni. Walimlilia meneja, walimwendea imamu wa karibu awasemee, walimwendea chifu. Wote walikuwa wapole na wote walisema mfumo ni mfumo. Mzee wa aproni alipewa kazi ya kufagia. Pipa lake lilitiwa dawa likageuzwa la maji. Baada ya siku kumi wakaacha kwenda, mmoja mmoja, na mama alikuwa wa mwisho au karibu na wa mwisho.

Ningeweza kusema ukweli katika siku hizo kumi. Nilichofanya ni kile tunachofanya sisi watu wa kazi hii tukikosea: nilitafuta namna ya kurekebisha kabla mtu hajajua nani alivunja. Nilifungua orodha, nikaongeza mistari mitatu. Matumbo. Kichwa. Kwato. Mara ile chombo kikaanza kulalamika, kikitaka picha, kikitaka kipimo. Nilikaa nikachora tumbo la mbuzi kwa uangalifu ambao sikuwahi kuupa figo. Nikaendesha programu, vitufe vitatu vipya vikajitokeza chini ya vile tisa, bila mimi kugusa skrini hata kidogo. Machozi yalinitoka. Ilikuwa mistari mitatu tu! Wanawake kumi na tano wamerudi na mabeseni matupu siku kumi kwa kukosa mistari mitatu.

Nilimpelekea bosi. Nilimweleza kuna wanawake pale langoni, ni mila yao, kwa hiyo vitufe hivi vitatu vionekane kwa hao tu.

Bosi alifurahi. Alifurahi kuliko nilivyotaka. "Mbona hatukuwa na hii tangu mwanzo? Kuna hoteli zimekuwa zikiniuliza."

"Lakini hawa wanawake..."

"Wapakue programu kama watu wengine. Hatuwezi kuweka kitufe cha mtu na mama yake. Orodha ni orodha."

Kipimo nilichokuwa nimeweka, tumbo moja, alikibadilisha mwenyewe kikawa kreti, kwa sababu lori haliwezi kusimama kwa ajili ya tumbo moja. Likatoka toleo jipya. Nami, Mungu anisamehe, bado nilikuwa na tumaini. Nilimnunulia mama bando, nikamwekea programu kwenye simu yake, nikaenda naye jikoni alipokuwa akichambua mboga. Siku hizo alikuwa akiuza mboga, kama kila mtu kwenye barabara yetu.

"Mama, tazama. Yamerudi."

Alifuta mikono, akavaa miwani. Aliteremsha kwa kidole kimoja, polepole, akisoma kila jina kwa sauti, paja, mkono, mbavu, mpaka akafika chini. Akaona picha ya tumbo. Uso wake ulibadilika, na huo ndio uso ninaoukumbuka, kwa sababu haukudumu. Alibonyeza. Skrini ikaandika: Imekwisha. Akabonyeza kichwa. Imekwisha. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Hoteli zilikuwa zimemaliza tangu jana yake.

"Na kreti ni nini?" akauliza.

"Ni kama mbuzi kumi na wawili."

"Kumi na wawili niwapeleke wapi?" Akaitazama simu tena. "Haya wameyaweka lini?"

"Juzi."

"Ni nani ameyaweka?"

Ningeweza kudanganya, na nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Lakini nilitaka ashukuru. Aibu ya mambo yote ni hii: nilitaka asifu mistari yangu mitatu.

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye nilifanya yakawekwa."

Mama si msomi lakini si mtu wa kuzungushwa. Alivua miwani.

"Kwa hivyo hata ile ya kwanza. Ile isiyokuwa na tumbo."

"Ndiyo."

"Ni wewe."

"Nilitaka kuyalinda, mama. Si wewe ulisema hayaagizwi? Nilijua wakiyaona watayachukua, na si umeona, wameyachukua."

"Huko ofisini," akasema, na sauti yake haikupanda, "uliwaambia mama yako anauza nini?"

Nilitazama mboga. Yeye akaokota kisu akaendelea kukata sukuma wiki, nyembamba, vile wateja wanavyotaka.

"Nilikuwa hapa hapa nyumbani," akasema baadaye. "Kila jioni tunakula pamoja. Kuuliza si ujinga."

Basi. Hakunipigia kelele, hakunifukuza. Kesho yake alinipikia chai kama kawaida. Ningependa angenipigia kelele.

Nimeacha kazi ile, niko kwingine. Kila mara ninapoandika orodha iliyofungwa, naingiwa na hasira ambayo wenzangu hawaielewi. Nauliza maswali ya kuchosha. Ni nani amekosekana hapa? Mmemuuliza nani? Vijana wa ofisini wananicheka, wanasema mimi ni mwoga wa orodha. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota meno.

Wiki iliyopita alikuja kututembelea rafiki wa mama wa miaka yote ya machinjioni, mwanamke Mwislamu wa mtaa wa Majengo ambaye bibi yake alitoka Lamu. Nimemwita mama mdogo tangu nikiwa sijui kutembea. Yeye ndiye aliyekuwa akipika supu ya vichwa na kwato, na watu walivuka mitaa kumfuata. Sasa anafulia watu nguo. Ana miaka sitini na kitu. Alipopokea kikombe niliona vidole vyake vimechubuka kwa sabuni, ngozi imenyanyuka kwenye viungo.

Walizungumza ya kawaida, nani kazaa, nani kahama. Kisha, kama kila mara, wakarudi kule kule.

"Mimi meneja simlaumu," mama mdogo akasema. "Yule alikuta kitu kimeandikwa. Mimi namtaka yule aliyekaa chini akaandika. Dada, wewe hukupata kusikia ni nani?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Mama hakunitazama. Alimtazama rafiki yake machoni, mtu ambaye wamezikiana, wameuguzana, wamelindiana zamu miaka ishirini na zaidi, akamwambia:

"Sijui. Ni watu wa makampuni huko. Hatuwajui."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akimdanganya mtu.

Mama mdogo aliweka kikombe mezani. Akainua ile mikono yake iliyochubuka, viganja juu, akaomba dua fupi, kwa utulivu, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Aliomba kwamba aliyeandika ile orodha, popote alipo, Mungu amwonyeshe mama yake mzazi akifulia watu nguo uzeeni.

Alitungoja tuitikie. Mama aliinuka akaenda jikoni, akafungua mfereji, akaacha maji yamwagike.

"Amina," nikasema mimi.